Dada Yako Ndiye Aliyeigusa Mwisho

Usukani uligeuka... gurudumu halikugeuka!

Naomba mrudie kusoma sentensi hiyo polepole, maana maisha yangu yamekatika vipande viwili hapo hapo.

Nilikuwa nateremka mlima, kilomita ya sabini na moja, mwendo ambao hata dereva wa gari angeshika breki. Kona ya kushoto ikaja. Nikageuza usukani kushoto. Ukanifuata kirahisi, kama mfuniko wa chupa... na gurudumu likaendelea na safari yake moja kwa moja.

Hata kupiga kelele sikupiga. Niliona sura moja tu.

Wifi yangu, asubuhi ile, anajifuta grisi mikononi, anatabasamu.

"Nimekukazia kila kitu, wifi. Wewe kanyaga tu."

Kisha ukingo wa barabara. Kisha mawe. Kisha ladha ya damu, na kitu kigumu kinatembea mdomoni.

Kilikuwa jino langu.

Wazo la mwisho kabla sijazimia, na naliandika hapa kama lilivyokuja: *Mwanamke huyu ameniua.*

Sasa ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, mjue huyu wifi ni nani na baiskeli ile ilitoka wapi.

Mimi natengeneza meno ya bandia. Nakaa chumba cha nyuma cha kliniki, na nta, plasta na taa kali. Jino likizidi unene wa karatasi tu, mgonjwa hafungi mdomo. Kwa hiyo mimi ni mtu wa vipimo, na hilo huwa najisifia mbele za watu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anafundisha watoto wa shule kuogelea. Wanafunzi walimbandika jina Teacha Pomboo, mtaa ukadakia, mpaka mama yake mzazi akawa anamwita Pomboo.

Baba yao alipofariki, Pomboo ndiye aliyemlea mume wangu. Alimfulia, alimpikia, alimsomesha. Umri wa kuolewa ukampita hivi hivi. Akabaki kwao na mama, anamkanda magoti na kumpa dawa kwa saa.

Na katika kubaki kwake huko, akawa mwanamichezo. Trayathloni, ile ndefu, amemaliza mara mbili.

Kwa msioijua: unaogelea karibu kilomita nne. Unatoka majini unachuruzika, unapanda baiskeli kilomita mia na themanini. Ukishuka, unakimbia arobaini na mbili. Siku moja. Kwa hiari yako! Wala hakuna aliyekukosea.

Mtaniuliza, wewe fundi meno ulifuata nini huko?

Wivu, jamani. Leo sifichi kitu.

Kila Jumapili tulikula kwa mama mkwe. Ukutani medali mbili za Pomboo. Mezani Pomboo hivi, Pomboo vile. Mume wangu akimtazama dada yake macho yanawaka.

"Dada ni chuma," anasema.

Mimi nimemzalia watoto wawili. Sijawahi kuitwa hata bati.

Jumapili moja nikaweka kijiko chini.

"Mwakani na mimi nashiriki."

Mume wangu akacheka, kidogo tu, kwa pua. Mama mkwe akaniuliza kama naumwa.

Aliyeruka kwenye kiti kuja kunikumbatia alikuwa mmoja tu. Pomboo.

"Nitakuandaa mwenyewe, wifi yangu! Kuanzia baiskeli mpaka mstari wa mwisho!"

Nikatabasamu. Moyoni nikasema, huyu naye kwa kimbelembele!

Tukaenda duka la baiskeli. Fundi wa pale ni mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye nywele, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Nikaiona. Nyeusi tii, imeinama mbele kama mnyama anayewinda, magurudumu yanang'aa.

"Nataka ile."

Fundi akachukua utepe wa kupimia. Alinisimamisha ukutani, akaniwekea kitabu katikati ya mapaja, akapima kutoka kitabu hadi sakafuni. Akapima na mkono wangu, bega mpaka ngumi.

"Ile siyo yako," akasema. "Ile ni ya mtu mwenye miguu. Kama huyu." Akamnyooshea kidole Pomboo.

Mnaelewa nilivyojisikia? Hata fremu ya baiskeli ilikuwa inamtaka yeye!

Pomboo akazunguka duka zima. Akarudi anasukuma moja ya kijani, imeshatumika, rangi imechubuka shingoni.

"Hii hapa."

"Hii? Si ya kuendea sokoni hii?"

"Wifi, utakaa juu yake saa saba au nane. Hakuna atakayekuwa anakutazama huko. Utakuwa wewe na shingo yako na kiuno chako. Chukua inayokutosha."

Nikachukua. Lakini nilinuna njia nzima.

Miezi minane alinitengenezea baiskeli ile kama anayeshona nguo ya harusi.

Alinipandisha juu yake sebuleni kwa mama mkwe, akaning'iniza uzi wenye nati kutoka gotini kwangu, aone kama goti limekaa sawa juu ya pedali. Akapandisha kiti milimita tatu. Akashusha moja. Alipopapata akapaka rangi ya kucha kwenye bomba la kiti, ili kikiteremka tujue.

Alibadilisha mnyororo. Akaweka giya nyepesi za milimani. "Utazidharau leo," akasema, "kilomita ya mia na arobaini utazibusu."

Alinifundisha kubadilisha tyubu nimefumba macho. Kweli tena, macho yamefungwa na kitambaa! Mama mkwe akawa anacheka mpaka anashika mbavu.

Jumamosi tulitoka saa tano mfululizo, yeye nyuma yangu na kelele zake.

"Kunywa!"

"Sina kiu!"

"Sijakuuliza kiu! Kunywa!"

Nilichubuka sehemu ambazo sitazitaja hapa. Kubwa kuliko yote ilikuwa shingo. Baada ya saa tatu shingo ilikuwa inawaka moto. Basi Pomboo akaupandisha usukani, akaweka pete tatu nyembamba chini ya kile kipande kinachoushika. Maumivu yakakata siku ile ile.

"Sasa imekuwa yako," akasema.

Asubuhi ya mashindano alipima kila bolti kwa ufunguo wake maalumu, ule unaolia *tik* ukishakaza vya kutosha. Tukafika kwenye uzio wa kuwekea baiskeli. Wasaidizi hawaruhusiwi kuingia ndani. Akanikabidhi.

"Nimekukazia kila kitu, wifi. Wewe kanyaga tu."

Yaliyofuata nimeshawaambia. Maji, baiskeli, mlima, kona... mawe.

Nilizinduka hospitali. Mfupa wa bega umevunjika, taya limefungwa waya, meno manne hayapo. Mimi, fundi meno!

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu.

"Wasimamizi wameikagua baiskeli," akasema. "Bolti zinazoshika usukani zilikuwa zimelegea. Zote mbili. Nani aliigusa mwisho?"

Kichwa kilikuwa kinazunguka. Kutoka pale kwenye uzio mpaka kwenye mawe kulikuwa na mashimo matupu. Nilichoona ni ile grisi, na lile tabasamu.

Nikaomba karatasi, maana mdomo haufunguki. Nikaandika:

*Dada yako.*

Naapa, siku ile niliamini nilichoandika.

Akaisoma mara mbili. Mlango ukafunguliwa, Pomboo akaingia na begi langu la nguo, uso umevimba kwa kulia.

"Wifi yangu, pole jamani..."

"Toka."

"Mdogo wangu?"

"Nimesema toka! Ulimwona mke wangu anakukaribia, ukaona bora afe?"

Begi likamdondoka. Alinitazama mimi. Nikafumba macho.

Siku ya nne nilishika simu. Si mnajua tena mtu na simu na uchungu wake? Nikaandika kwenye kundi la wanamichezo, nikaweka na kwenye ukurasa wangu: *Wifi yangu alinilegezea baiskeli ili nife.*

Nikaweka picha ya sura yangu ilivyovimba.

Jamani, ilisambaa! Watu nisiowajua walinililia. Wengine waliandika mambo juu ya Pomboo ambayo hata kuyarudia ni dhambi. Mgumba, mchawi, amekosa mume anamwonea mke wa mdogo wake. Nikayasoma yote. Nikayawekea moyo mwekundu, moja baada ya jingine.

Ikafika shuleni kwake. Wazazi wakauliza, mwanamke kama huyu anaachiwaje watoto wetu majini? Mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamwambia apumzike kidogo, mambo yapoe.

Mambo hayakupoa. Hakuitwa tena.

Siku ya kumi na mbili, kikao cha familia. Sebule ile ile ya mama mkwe. Tulikuwa wanne tu: mama mkwe kwenye kiti chake, mume wangu amesimama, mimi na bega langu lililofungwa, na Pomboo amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mgeni.

"Sema," mume wangu akamwambia. "Sema kwa nini."

"Sikufanya."

"Bolti zilijilegeza?"

"Nilizikaza. Nilizipima. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kutembea..."

"Usinitajie hayo leo!"

Pomboo akanigeukia. Hakufoka. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Wifi. Nilipokukabidhi baiskeli pale kwenye uzio, hukuigusa tena?"

Nikamtazama machoni. Taya lina waya, maneno yanapita kwenye meno, lakini yalisikika vizuri kabisa.

"Sikuigusa."

Mama mkwe akajikohoza. Akamtazama bintiye kwa muda mrefu.

"Mwanangu Pomboo," akasema, "omba msamaha, yaishe."

"Mama?!"

"Omba tu msamaha."

"Mama, hata wewe? Hata *wewe*?"

"Nimesema omba msamaha, au uondoke hapa kwangu."

Pomboo alisimama. Kwanza alikwenda kumpangia mama yake vidonge vya jioni kwenye kisahani. Halafu akaingia chumbani, akatoka na mfuko mmoja. Medali aliziacha ukutani.

Hakuna aliyemsindikiza.

Sasa... hapa naomba mniwie radhi. Kuna kitu nilikiruka wakati nawasimulia.

Siku moja kabla ya kikao, wapiga picha wa mashindano walituma barua pepe kwa washiriki wote. Unaingiza namba yako, picha zako zinatokea, ukipenda unanunua. Nikaingiza.

Ya kwanza nipo majini. Ya pili natoka majini.

Ya tatu ilikuwa ya kabla ya hizo zote. Ndani ya uzio, alfajiri inapambazuka. Nimepiga goti mbele ya baiskeli yangu ya kijani. Mkononi nina ufunguo mdogo wa bolti. Usukani nimeung'oa, nimeuegemeza kwenye paja.

Yale mashimo ya kumbukumbu yakajaa yote kwa mara moja.

Baiskeli za jirani zote zilikuwa zimeinama, zina usukani wa chini, nzuri kama zile za kwenye picha. Yangu imeinua kichwa kama ya mpeleka barua. Mwanamke wa pembeni yangu aliitazama, akatabasamu. Basi, tabasamu hilo tu! Nikasema sitapigwa picha na hii aibu. Nikafungua, nikatoa zile pete tatu chini, nikazipanga juu, usukani ukashuka. Nikaweka kifuniko. Nikaanza kukaza bolti ya kwanza...

Kipaza sauti kikatuita majini. Dakika tano!

Nikasema nitazimalizia nikitoka kuogelea.

Nilipotoka kuogelea nilikuwa sijui hata jina langu.

Ndiyo. Nilijilegezea mwenyewe. Kwa ajili ya picha.

Na nikajua yote hayo siku moja *kabla* ya kikao.

Mnajua nilifanya nini? Nilinunua picha zote. Kisha nikawaandikia wapiga picha: mimi ndiye niliyepata ajali, picha hizi zinanitonesha kidonda, tafadhali ziondoeni. Wakanijibu kwa upole sana. Wakaziondoa siku hiyo hiyo.

Nikafuta na zangu. Kesho yake nikaenda kumtazama wifi yangu machoni.

Tukaneni tu, kazi ya kutukana nimeianza mimi mwenyewe zamani.

Mtasema, kwa nini usingesema tu? Nilishindwa. Mume wangu alivyokuwa ananishika mkono siku zile... hajawahi kunishika hivyo. Ananilisha uji kwa mrija. Usiku anaamka kunifunika. Mara ya kwanza katika ndoa yangu, mtu wa kuonewa huruma nyumba ile nilikuwa mimi. Na watu elfu kadhaa mtandaoni wananiita shujaa.

Nikajiambia, Pomboo ni chuma. Atavumilia.

Pomboo alipoondoka, mama mkwe hakuwa na wa kumtazama. Tukamleta kwetu, chumba cha nyuma, na ule ukuta wa medali ukabaki kule kwenye nyumba tupu. Mimi nikapona bega. Meno manne nilijitengenezea mwenyewe, na wagonjwa wakayasifia.

Nikawa ndiye namwogesha mama. Namkanda yale magoti. Hakuwahi kunilalamikia hata siku moja. Alikuwa akiniita "mwanangu" kwa sauti laini kuliko zamani.

Mara moja moja, nikiwa nimeinama namfuta miguu, alikuwa akiniuliza:

"Mwanangu, huna la kuniambia?"

"Sina, mama."

"Haya."

Basi. Anageuza uso ukutani.

Pomboo alipiga simu kila wiki kumjulia hali mama yake. Mume wangu alikuwa anaikata. Nilimwona anaikata. Niliendelea kumenya viazi.

Mwezi wa kumi, mama mkwe alianguka bafuni. Alikaa hospitali siku tatu. Ya nne hakuifikia.

Siku ya mazishi, Pomboo alikuja. Amekonda, ile miguu mirefu imebaki mifupa. Mume wangu alikwenda kumzuia getini kabla hajavuka.

"Wewe huingii."

"Ni mama yangu."

"Mama alikufukuza kwa mdomo wake, wote tulisikia. Huingii."

Hakubishana. Alivuka barabara, akasimama juani upande wa pili, mikono ameifunga mbele. Gari la jeneza lilipotoka lilimpita karibu kabisa. Mimi nilikuwa gari la nyuma yake. Macho yetu yakakutana dirishani.

Nikatazama viatu vyangu.

Wiki iliyofuata nilitumwa kupeleka nguo za marehemu kwa bintiye, maana mume wangu hakutaka kumwona. Niliambiwa anafanya usafi kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja. Nilimkuta mchana, anavua majani juu ya maji kwa wavu wenye mpini mrefu. Mwalimu wa watu! Watoto wanaogelea na mwalimu mwingine, yeye anavua majani.

"Wifi," nikasema. "Nimekuletea nguo za mama."

"Weka hapo."

Nikaweka. Nikageuka niondoke.

"Ngoja."

Akauegemeza wavu. Akajifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akatafuta kidogo. Kisha akanigeuzia kioo.

Jamani, picha ile!

Alfajiri. Uzio. Mimi nimepiga goti. Usukani uko kwenye paja.

"Umeipata wapi?"

"Kabla hujaiondoa. Asubuhi ya siku moja kabla ya kikao. Nilikuwa natafuta picha yako nzuri moja tu, niitengeneze fremu, niitundike pembeni ya medali zangu. Nilijua umeumia, nikataka ukija uikute. Nikaingiza namba yako."

Nikakaa chini ukingoni mwa bwawa.

"Nilishangilia kama mwehu," akasema. "Nikasema nimepona! Nikataka kumkimbilia mdogo wangu. Lakini sikuwa peke yangu. Nilikuwa naangalia na mama."

"Mama?"

"Mama ndiye aliyeiona kwanza. Ndiye aliyeniambia, hebu ikuze hiyo."

Kelele za watoto majini nikawa nazisikia kwa mbali, kama zinatoka chini ya ardhi.

"Mama alinishika mkono, akaniambia: usimwonyeshe. Mdogo wako ana hasira, akiiona hii atamfukuza mkewe leo leo. Wale watoto wawili watalelewa na nani? Wewe huna mume, huna mtoto, wewe utasimama tu. Nikamwambia, mama, nitapoteza kila kitu. Akasema, mpe nafasi. Muulize kwenye kikao. Akisema ukweli mwenyewe, tutamwombea msamaha wote. Asiposema..."

Akafuta kioo cha simu kwa aproni.

"Asiposema, nimwachie. Akaniapisha mpaka atakapokufa."

Nikakumbuka lile swali lililoulizwa taratibu. *Hukuigusa tena?*

Chumba kile kilikuwa na watu wanne. Watatu tulikuwa tunajua. Mjinga alikuwa mmoja tu, mume wangu, amesimama katikati anatetemeka kwa hasira.

"Nilidhani mama atavunjika moyo akikusikia unakataa," Pomboo akasema. "Nilidhani atageuka, atanitetea. Akanifukuza vile vile. Alinichagua mimi wa kutupwa, wifi, kwa sababu mimi ndiye nisiyevunjika."

"Nisamehe..."

"Umemwogesha mama yangu miezi yote ile?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anakuuliza kama una la kumwambia?"

Nikaanza kulia.

"Aliniahidi kwamba atakuuliza," akasema. "Sikujua kama aliuliza."

Akachukua wavu wake.

"Mama ameshakufa, na kiapo kimekwisha. Utasema wewe, au nitaituma mimi. Una mpaka kesho. Sasa niache, bosi wangu anaangalia."

Nilimwambia mume wangu asubuhi yake, watoto wameshakwenda shule. Nilimwambia yote, pete, kipaza sauti, barua kwa wapiga picha. Nilipofika kwa mama, nilisita. Nikaona bora nimalize.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea sahani zipasuke. Masanduku yangu nilikuwa nimeshayatoa chini ya kitanda.

Alikaa. Akaniomba nirudie pale kwa mama. Nikarudia.

Akachukua funguo za gari, akatoka. Aliporudi jioni alikuwa amezunguka kwenye bwawa na kwenye chumba alichopanga dada yake. Bwawani wakamwambia ameacha kazi asubuhi. Chumbani jirani akamwambia amehama, hakusema anakwenda wapi. Simu haipatikani. Pomboo alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu, nami nimeuona:

*Sikudai kitu, mdogo wangu. Ila usinitafute.*

Nikamwambia mume wangu, "Nimeshapanga vitu vyangu. Nitaondoka kesho."

Akanitazama. Nimeishi naye miaka kumi na mmoja, sijawahi kutazamwa vile.

"Huondoki."

"Kwa nini?"

"Dada yangu ametupwa ili wewe ubaki hapa. Mama amekufa na hilo moyoni. Ukiondoka, atakuwa ametupwa bure. Utakaa. Tutakaa wote."

Akanisaidia kurudisha masanduku chini ya kitanda.

Ni miezi mitatu sasa. Nimeandika haya kwenye ukurasa ule ule nilikomtukanishia, kwa jina langu, na picha ile nimeiweka hapo chini muione. Baadhi yenu ndio mliomwita mchawi kwa sababu yangu. Kama kuna anayejua Pomboo yuko wapi, msimsumbue. Mkifundisha watoto kuogelea na mnataka mwalimu, hakuna bora kuliko yeye.

Somo? Mmezoea somo mwishoni, haya chukueni. Kosa langu mimi lilikuwa la dakika tano. Ningelisema siku ile, wangenicheka, wangenikasirikia, wiki moja ingepita. Niliponyamaza ndipo nilipofanya ubaya wenyewe, na niliufanya kila asubuhi upya, nikiwa na akili zangu timamu. Ukikosea, sema kabla mtu mwingine hajalipa. Na msidhani mnayemwita chuma haumii. Anaumia, ila mmeshaamua kutomwangalia.

Na ninyi mnaoandaa baiskeli ya mashindano yenu ya kwanza: chukueni inayowatosha, muwashukuru waliowatengenezea.

Mume wangu amepita hapa sasa hivi, nikiwa naandika. Ameniuliza kama nimekula.

Nimesema bado.

"Kula," akasema kwa upole.

Kisha akaingia chumba cha mama, ndiko analala siku hizi, akafunga mlango kwa ndani.